Kuta Hazina Kosa: Namna ya Kuzuia Kelele za Ndege Nyumbani, Kisongo na Olasiti
Hotuba kwa wakazi na mafundi ujenzi wa Arusha

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba, mafundi na vijana mliofika: shikamooni wakubwa, na wenzangu wote habari za asubuhi.

Nianze na ukuta, maana ndiko watu wengi wanakoanza kutoa hela, na ndiko hela inakopotelea. Nyumba nyingi za Kisongo, Olasiti na Burka zimejengwa kwa tofali la simenti la inchi 6, limepigwa lipu ndani na nje. Mita moja ya mraba ya ukuta huo ina uzito unaozidi kilo 300. Sauti huzuiwa na uzito. Ndege ikipita, hewa inausukuma ukuta, na ukuta wa kilo 300 hauchezi. Sasa linganisheni na vitu vingine vya nyumba hiyohiyo. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Jipsamu ya milimita 9 ni kilo 6 hadi 7. Bati la geji 28 halifiki kilo 4. Ukuta hauna kosa, kwa hiyo anayewaambia mbandike kitu ukutani ili ndege isisikike anataka hela yenu tu.

Kuna kitu chepesi kuliko bati, nacho ni hewa. Kila mahali hewa inapopita, sauti inapita pamoja nayo bila kizuizi chochote. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayoamua matumizi yote yanayofuata.

Chukueni chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, dari mita 3. Ukuta wa nje una mita za mraba 12. Ndani yake kuna dirisha la slaidi la mita 1.5 kwa 1.2, na juu ya dirisha kuna matofali ya hewa mawili, yale yenye matundu. Ukijumlisha matundu ya kila tofali unapata uwazi wa sentimita 10 kwa 10. Ukuta peke yake unakata desibeli kama 50; desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Dirisha la kawaida lililofungwa linakata kama 22. Ukivipigia hesabu pamoja na yale matundu, upande huo mzima wa chumba unakata desibeli 26 tu.

Mwenye nyumba anakasirika, anakwenda kununua dirisha la bei kubwa linalokata desibeli 35, na matofali ya hewa anayaacha palepale. Matokeo yake yanatoka 26 yanafika kama 27.6. Ameongeza chini ya desibeli 2, na sikio la kawaida halitambui tofauti hiyo. Jirani yake hakununua dirisha. Ameziba matofali ya hewa tu kwa vipande vya tofali na simenti, na kazi imeisha siku moja. Yeye amefika 30. Na aliyefanya yote mawili, kwa hesabu ya karatasi anafika 42. Kwenye nyumba halisi mtatoa chache hapo, kwa sababu sauti huzunguka pia kupitia dari na pembeni, ila mpangilio wa kazi ndio huo: kwanza tundu, kisha kitu chepesi. Anayegeuza mpangilio huu analipa mara mbili.

Kwa asiyezoea desibeli: zikipungua 10, sikio linasikia kelele kama imebaki nusu. Zikipungua 20, imebaki robo. Ndiyo maana tunahangaika na hesabu hizi kabla ya kununua chochote. Na kabla sijasahau, msizibe matofali ya hewa leo jioni mkifika nyumbani. Hewa ina utaratibu wake na nitaufikia.

Sasa adui mwenyewe. Njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, imelala mashariki na magharibi, kwa hiyo wanaokaa kwenye mstari wa ncha zake mbili wanapitiwa juu ya bati, na wanaokaa ubavuni wanapigwa na kelele za chini: injini zinapowashwa, na ndege inapotua rubani akageuza mapanga ili kuvunja mwendo. Ndege nyingi hapa ni pangaboi. Ile Cessna Caravan inayopeleka wageni Serengeti ina panga lenye mabawa matatu, na inaporuka kwa nguvu zote linazunguka mara 1,900 kwa dakika. Zidisheni mara tatu, gawanyeni kwa sekunde 60, mnapata mapigo 95 kwa sekunde, yaani hezi 95. ATR 72 ina mabawa sita kwa kila injini na mizunguko 1,200 kwa dakika inaporuka, hiyo ni hezi 120. Huu ndio ule mngurumo unaotetemesha kioo cha kabati.

Hezi 95 ni sauti nzito. Wimbi lake moja lina urefu wa mita 3.6, karibu chumba kizima. Wembamba wa sauti, ule mlio mkali wa injini ndege ikiwa chini, unazuilika kirahisi. Dirisha zuri linaumaliza. Mngurumo ndio kazi. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kuzuia sauti hupewa namba moja inayofaa zaidi kwa sauti kama za watu wanaoongea, na namba hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji haitaonekana nyumbani kwako Caravan ikipita. Muulizeni muuzaji kifaa kinakata kiasi gani kwenye hezi 100 na 125. Akikosa jibu, msilipe kwa kuamini namba ile kubwa. Walio jirani na KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, wana jeti, na baadhi zinakuja usiku; jeti ina uvumi mpana zaidi, hivyo kwao dirisha zuri linaleta nafuu kubwa mapema kuliko kwa wa Kisongo.

Kazi ya kwanza ni kutafuta matundu, na haina gharama. Subiri usiku, zima taa za chumbani, mtu asimame nje na tochi kali aipitishe polepole kuzunguka dirisha, mlango, na pale ukuta unapokutana na dari. Panapopenya mwanga panapenya sauti. Mchana washa udi, uupitishe pembeni mwa fremu siku yenye upepo. Moshi ukipinda, pana ufa. Kwa dirisha na mlango, bana kipande cha karatasi kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kukwama, mpira haubani. Weka alama kwa chaki kila mahali, kwa sababu fundi akifika ataona alama hizo na hamtabishana.

Uwazi chini ya mlango watu wanaudharau sana. Mlango wa sentimita 90 ukiwa na uwazi wa milimita 12 chini, umeacha tundu la zaidi ya sentimita 10 kwa 10, sawasawa na lile tofali la hewa.

Tuje kwenye dirisha la slaidi, na naomba mafundi alumini wasikilize. Dirisha hili linavuja sehemu nne. Ya kwanza ni katikati, vioo viwili vinapopishana; pale pana kibrashi cha manyoya, na kibrashi hakizuii sauti, kinazuia vumbi tu, tena kikiwa kipya. Ya pili ni reli ya chini, yenye vitundu vya kutolea maji ya mvua. Ya tatu ni juu, ambapo kioo kimeachiwa nafasi ya kuinuliwa ili kitoke. Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote na haionekani: nyuma ya lipu, kati ya fremu ya alumini na tofali. Shimo la dirisha likitoka kubwa kuliko fremu, fundi anajaza vipande vya maboksi au mifuko ya simenti, anapiga lipu nyembamba juu, anapaka rangi. Gongeni lipu ya pembeni mwa dirisha kwa ufunguo. Ikilia kama debe tupu, ndani hamna kitu.

Tiba ya hiyo ya nne: bandua ile lipu, toa takataka, jaza kwa mota ngumu ya simenti kikombe 1 na mchanga 3, ishindiliwe mpaka ndani, kisha piga silikoni pale alumini inapokutana na ukuta, ndani na nje. Fomu ya kupulizia, lile povu la kopo, msiitumie peke yake. Inavimba vizuri na inapendeza machoni, lakini ni nyepesi mno. Inafaa tu kujaza nyuma, mbele yake pakaja mota au silikoni. Bomba moja la silikoni la mililita 300, ukipiga mstari wa milimita 6, linakwenda mita 8 hivi. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lina mzunguko wa mita 5.4, na ukipiga pande zote mbili ni karibu mita 11, kwa hiyo bomba moja na nusu kwa dirisha. Alumini na ukuta vifutwe vumbi kwanza, na rangi inayobanduka ikwanguliwe, vinginevyo silikoni itashika vumbi na kutoka nalo baada ya jua la Januari.

Mwenye uwezo abadilishe slaidi ya chumba cha kulala aweke dirisha la kufunguka kwa bawaba, lenye mpira kuzunguka pande zote na komeo linalobana sehemu mbili au tatu. Dirisha hilo likifungwa linabana kama mlango wa friji. Asiye na uwezo huo asikate tamaa, kwa sababu njia inayofuata ni nzuri zaidi na slaidi yake inabaki.

Njia hiyo ni dirisha la pili, kwa ndani. Acha la nje na grili yake, kisha upande wa chumbani weka fremu nyingine yenye kioo cha milimita 6, inayobana kwa mpira. Siri yote iko kwenye nafasi kati ya vioo viwili. Hewa iliyofungiwa katikati hufanya kazi kama springi: nafasi ikiwa ndogo, springi ni ngumu, na vioo viwili vinacheza pamoja kwa sauti fulani na kuipitisha badala ya kuizuia. Kioo cha milimita 4 na cha 6 vikiachana milimita 12, vinacheza kwenye hezi 220 hivi. Vikiachana milimita 100, inashuka mpaka hezi 77. Vikiachana milimita 150, ni hezi 63. Na kizuizi hiki huanza kufanya kazi ya maana mara moja na nusu hivi juu ya namba hiyo. Kwa mngurumo wa hezi 95, milimita 100 bado ni kidogo. 150 ndiyo tunayoitaka.

Ndiyo maana kioo maradufu kinachouzwa kikiwa kimefungwa kiwandani, vioo viwili na milimita 12 katikati, si dawa ya pangaboi. Kimetengenezwa kwa ajili ya baridi na joto, na kwa kazi hiyo ni kizuri. Kwa hezi 95 hakitoi zaidi ya kioo kimoja kinene chenye uzito uleule.

Ukuta wa inchi 6 na lipu yake hautoshi kubeba milimita 150 kati ya fremu mbili, kwa hiyo tengenezeni boksi la mbao kavu ya inchi 2 kuzunguka dirisha kwa ndani, litokeze kadiri inavyohitajika, lifungwe ukutani kwa skrubu na lizibwe silikoni kote. Pande za ndani za boksi, kati ya vioo, zibandikwe pamba ya mawe (rockwool) ya milimita 25 iliyofunikwa kitambaa chepesi. Inanyonya sauti inayogongagonga mle. Vioo visiwe na unene sawa, kwa sababu kila unene una sauti yake inayoupenya kirahisi, na vikilingana vyote viwili vinapitisha ileile. Fremu ya ndani iwe ya bawaba, ifunguke mfute vumbi, na grili iwe na kile kipande kinachofunguka, mtu apite moto ukizuka. Msifunge chumba cha kulala kwa kioo kisichofunguka, hata kama fundi anasema ndivyo sauti inavyozuilika zaidi.

Mlango nitaupitia haraka. Mlango wa flashi ni tupu katikati. Wa mninga wa milimita 40 una kilo 25 hivi kwa mita ya mraba na unatosha, mradi paneli zake zisichongwe nyembamba. Mpira kwenye fremu pande tatu, kizingiti chini chenye mpira, na tundu la ufunguo liwe na kifuniko. Basi.

Dari ndiyo sehemu inayohitaji pesa na akili zaidi, hasa kwa anayepitiwa juu. Kati ya ndege na kitanda chako kuna bati la kilo 4 na jipsamu ya kilo 6, na katikati kuna uwazi mkubwa unaopokea kelele kupitia chini ya mabati na kwenye fishabodi. Mtu wa kwanza atawaambia mzibe kule juu kwenye paa. Hapana. Paa liache lipumue. Asubuhi za Juni na Julai Arusha ina baridi, bati linatoa jasho kwa ndani, na paa lililozibwa kila upande litadondoshea maji juu ya mbao na pamba mpaka kenchi zioze. Ulinzi wekeni kwenye usawa wa dari.

Kwa chumba chetu cha mita 16 za mraba, kazi inakwenda hivi. Fundi apande darini kwanza, aangalie mbao za 2 kwa 2 zinazobeba jipsamu zimeshikwa na nini. Mara nyingi ni misumari iliyopigwa kwenda juu, na msumari unaovutwa chini na uzito hutoka polepole. Mnachoongeza ni jipsamu ya milimita 12, kilo 9 kwa mita ya mraba, na pamba ya mawe ya milimita 100, kilo 4 na nusu hivi ikiwa na uzito wa kilo 45 kwa mita ya ujazo. Jumla inazidi kilo 200 juu ya vichwa vyenu. Kila ubao ufungwe kwenye kenchi kwa skrubu ndefu au mikanda ya bati, na kama mbao zimeachana sentimita 60, ongezeni nyingine katikati. Asiyetaka kufanya hatua hii asiweke jipsamu ya pili kabisa.

Jipsamu ya kwanza ibaki. Ya pili iwekwe chini yake, viungo visikutane na vya kwanza, kwa skrubu za milimita 50 kila sentimita 20 kwenye mbao. Fupi zaidi ya hapo haziingii vya kutosha kwenye ubao, kwa sababu sehemu yake inaishia kwenye jipsamu mbili. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 ni karibu mita za mraba 3, hivyo chumba kinataka bodi 6, nunueni 7. Kingo za bodi zisiguse ukuta: acheni milimita 4 hadi 5 kuzunguka chumba chote na mjaze kwa silikoni ya akriliki inayopakika rangi. Mafundi wengi hujaza hapo kwa unga wa jipsamu. Unga ukikauka ni mgumu, mbao za dari zinavimba masika na kusinyaa kiangazi, na baada ya mwaka mmoja pana ufa mwembamba kuzunguka chumba kizima. Konishi inauficha machoni, masikioni haiufichi.

Pamba itandikwe juu, ijae kona hadi kona, bila kukandamizwa. Mafundi wavae barakoa na mikono mirefu. Viungo vya nyaya viwe ndani ya maboksi yenye vifuniko kabla pamba haijavifunika.

Halafu taa za kuzama. Najua zinapendeza na kila nyumba mpya inazo. Taa nane za kipenyo cha milimita 90 zinatoboa sentimita za mraba 500 hivi za dari. Kwenye dari ya mita 16, matundu hayo yakiwa wazi yanaibana dari isivuke desibeli 25, hata mkiweka jipsamu tabaka tano. Taa inaziba sehemu ya tundu, si lote. Chumba cha kulala kitumie taa ya kuning'inia au ya kubandika, yenye tundu moja la waya, nalo lizibwe.

Tahadhari moja kwa nyumba za zamani, hasa zilizokuwa za taasisi, hapa na Moshi. Kama dari au paa ni shiti za simenti za kijivu zenye nyuzinyuzi, huenda ni asbesto. Msikate, msitoboe, msikwangue. Vumbi lake linaua mapafu miaka mingi baadaye. Dari mpya ijengwe chini yake kwa mbao zinazoshikwa na kuta, na shiti zile zisiguswe.

Sasa hewa, niliyoahidi. Chumba kilichozibwa vizuri hakina hewa, na watu wawili waliolala wanahitaji kama mita 60 za ujazo za hewa safi kwa saa. Wengi watafungua dirisha saa nane usiku, na kazi yote imekwenda bure. Kubwa kuliko hilo: nyumba yenye jiko la mkaa, jiko la gesi, au jenereta karibu, isizibwe kabla njia ya hewa haijatengenezwa. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, inalaza mtu na haamki. Jikoni matofali ya hewa yabaki yote. Na mkaa usiingizwe chumba cha kulala usiku wa baridi, hata ukiwa umeshika vizuri.

Njia yenyewe ni kasha la hewa. Tengenezeni kwa plaiwudi ya milimita 18, urefu mita 1.2, lisimame wima ukutani nyuma ya mlango au ndani ya kabati. Hewa inaingia kwa chini kutoka nje na kutoka kwa juu kuingia chumbani, ili pasiwe na mstari ulionyooka kati ya nje na sikio. Ndani, pande mbili pana zibandikwe pamba ya mawe ya milimita 50, ifunikwe kitambaa chepesi na wavu wa kuku usilegee, na njia inayobaki katikati iwe sentimita 10 kwa 20. Uwazi huo ni uleule wa yale matofali mawili mliyoziba. Upande wa nje wekeni wavu wa mbu, na mfuniko unaofunguka ili usafishwe, kwa sababu vumbi la Kisongo litauziba kabla ya miezi michache. Hewa ikiwa nzito, feni ndogo ya bomba la milimita 100 inasukuma kiasi cha kutosha. Iwekwe upande wa nje wa kasha, ili mlio wake unyonywe na pamba.

Kasha hili linamaliza mlio mkali wa injini. Kwa mngurumo wa hezi 95 linapunguza kidogo tu, kwa kuwa pamba ya milimita 50 ni nyembamba mbele ya wimbi la mita 3.6. Kwa hiyo mdomo wake wa nje uwe upande wa nyumba usiotazama uwanja. Nyumba yenyewe inakuwa ngao, na hiyo ngao ni ya bure. Kama chumba kinatazama uwanja pekee, vuteni hewa kutoka korido inayopumua kwa nyuma.

Kuna vitu watu wanauliza kila mara. Trei za mayai ukutani, sponji la godoro, mapazia mazito: vyote vinapunguza mwangwi ndani ya chumba, sauti inayotoka nje haviizuii. Foili ya fedha chini ya bati inasaidia joto, uzito haina. Miti ni mizuri na ipandwe, ila ndege iliyo juu haipiti kwenye miti. Ukuta wa fensi unasaidia chumba cha chini dhidi ya ndege iliyo ardhini, na hausaidii kitu ikishaondoka chini.

Anayejenga sasa ana bahati, maana anaweza kupata kwa ramani kile mwingine anachokinunua kwa pamba. Vyumba vya kulala vigeuzwe upande usiotazama uwanja. Bafu, stoo na korido vikae upande wa kelele. Juu ya vyumba vya kulala, zege la sentimita 12 lina kilo 290 hivi kwa mita ya mraba, na hakuna dari ya jipsamu inayolikaribia.

Na madarasa. Shule nyingi zetu zina bati tupu bila dari, madirisha ya nondo bila kioo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kelele ndani ya darasa zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Munich, Ujerumani, ilifunga uwanja wake wa zamani mwaka 1992 na kufungua mwingine, na watafiti wakawafuata watoto wa sehemu zote mbili. Waliokuwa karibu na uwanja wa zamani, uwezo wao wa kusoma na kukumbuka ulipanda baada ya ndege kuondoka. Waliohamiwa na uwanja mpya ulishuka. Kamati za shule zikipata fedha, dari na vioo vya madarasa ya chini viwe kabla ya rangi ya ukuta.

Haya yote ni ulinzi wa upande mmoja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka kelele zishughulikiwe kwa njia nne kwa pamoja: ndege zenye kelele ndogo, mipango ya matumizi ya ardhi, taratibu za urukaji, na vizuizi vya safari inapobidi. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo wasimamizi. Malalamiko yaandikwe kwa tarehe, saa na aina ya ndege, yapitie serikali ya mtaa. Barua yenye saa inajibika. Barua inayosema tu kelele zimezidi ni rahisi kuwekwa pembeni.

La mwisho ni mkataba na fundi. Kabla ya kazi, wekeni simu mbili za aina moja zenye programu ya kupima sauti, moja nje ya dirisha, nyingine katikati ya chumba, madirisha yamefungwa. Ndege ileile ikipita, andikeni kipimo cha juu cha kila simu, kisha mtoe cha ndani kwenye cha nje. Simu si kipimo cha maabara, lakini mnatafuta tofauti, na kwa tofauti zinatosha. Fanyeni hivyo kwa ndege kumi za asubuhi, mpate wastani. Dirisha likiwa wazi, tofauti hukaa kati ya 10 na 15. Nyumba ya kawaida iliyofungwa ni 20 hadi 25. Chumba kilichofanyiwa kazi vizuri kifike 30 hadi 35. Andikeni kwenye mkataba kwamba kipimo kitarudiwa kwa simu zilezile, mahali palepale, na sehemu ya malipo ibaki mpaka tofauti ionekane. Isipoonekana, zimeni taa na mrudi na tochi, fundi akiwepo, kabla hamjaongeza hata bodi moja. Karibuni kwa maswali, na mafundi alumini wakae mbele.